Mtoto asipoimba wimbo wa taifa kwa ajili ya imani yake, kosa lake ni lipi?

Wengi mtakumbuka kesi ya wale wanafunzi wa sekondari, Mashahidi wa Yehova. Walikuwa wanasimama mstarini na wenzao, wametulia, ila wimbo wa taifa hawaimbi, wakafukuzwa na wengine kusimamishwa masomo, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani ya Tanzania na mwaka 2013 wakashinda. Mi ni Mlutheri, wimbo naimba kwa sauti yote, lakini hukumu ile naiunga mkono kabisa.

Walimu nao wana hoja, tusiwabeze. Nchi yenye makabila zaidi ya 120 imeshonwa pamoja na vitu kama mstari wa asubuhi, na mwalimu mwenye wanafunzi 800 akiruhusu mmoja leo, kesho watakuja kumi kila mtu na sababu yake. Halafu Paulo mwenyewe kwenye Warumi 13 anasema mamlaka iliyopo imewekwa na Mungu, kwa hiyo Mkristo hawezi kuamka tu akasema serikali hainihusu.

Ila angalieni wimbo wenyewe, ile ni sala, tunamwomba Mungu aibariki Afrika na Tanzania. Wapo wanaosema sasa si ndo vizuri, Mkristo anakataaje kumwomba Mungu? Mi nauliza, sala inayotolewa kwa kuogopa fimbo na barua ya kufukuzwa anapelekewa nani? Mungu haipokei, na taifa halipati mzalendo hapo, linapata mtoto anayechezesha midomo.

Malawi ya Kamuzu Banda walienda mbali zaidi, Mashahidi walipokataa kununua kadi ya chama walipigwa, nyumba zikachomwa, mwaka 1972 maelfu wakakimbilia Zambia. Kodi walikuwa wanalipa! Marekani nao mwaka 1940 Mahakama Kuu iliruhusu shule zilazimishe watoto kuisalimu bendera, ila mwaka 1943, vita ikiwa imepamba moto, mahakama ile ile ikabadilisha msimamo, na nchi haikusambaratika.

Sasa mpaka uko wapi? Kwangu unaanza pale jirani anapoumia. Kukwepa kodi kwa jina la Yesu, hapana, alishasema ya Kaisari mpeni Kaisari. Kumnyima mtoto matibabu, serikali iingilie hata kama mzazi analia na Biblia mkononi. Lakini aliyesimama kimya dakika mbili hajamchukulia mtu kitu, na Petro alisema wazi, "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu."

Kinachonisumbua mpaka leo ni umri. Mtoto wa miaka 13 anakataa kwa dhamiri yake au anamwogopa baba? Hapo mwalimu angemwita pembeni, amuulize kwa upole bila kumtisha, na akisema ni imani yake basi aachwe arudi darasani akasome.