Maui Alikuwa na Mama

Kuna mahali katika filamu ya katuni ya Disney, Moana, ile ya mwaka 2016, panaponichoma kila ninapoiona. Maui, jitu lenye chale mwili mzima, anasimulia kwamba alipozaliwa wazazi wake walimtazama mara moja tu, hawakumtaka, wakamtupa baharini. Miungu ikamwokota, ikampa ndoano ya ajabu. Juzi watoto niliokuwa nao sebuleni walinyamaza, kisha mdogo wao akauliza, "Mama yake alikuwa mbaya?"

Hapana. Naandika kumtetea mama huyo.

Maui ni shujaa wa simulizi za kale za visiwa vya Pasifiki, na mama yake, kwa Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, anaitwa Taranga. Maui alizaliwa njiti, na mama akaamini kwamba mtoto amekufa. Akakata nywele zake mwenyewe, akamviringisha humo, akamwachia bahari. Hayo ni mazishi, tena ya mama mwenye uchungu. Mawimbi yakamrudisha ufukweni, na mhenga wake Tama-nui-ki-te-rangi akamwokota na kumpasha joto mpaka akahuika. Alipokua alirudi kwao, akajipenyeza katikati ya kaka zake. Taranga akahesabu wanawe, akakuta mmoja amezidi, akamkana. Kijana akamweleza jinsi alivyozaliwa. Hapo mama akamtambua, akamwita alale karibu naye. Kisa kama hicho unakiachaje, halafu unawaonyesha watoto mzazi anayetupa mwanawe kwa kutompenda?

Ingekuwa ni Taranga peke yake aliyeachwa nje, labda ningevumilia. Lakini karibu kila alichofanya Maui kilipitia mikononi mwa mwanamke wa ukoo wake. Ndoano yenyewe ni mfupa wa taya la bibi yake, Murirangawhenua, aliyemtambua kwa harufu kuwa ni damu yake ndipo akampa. Kwa ndoano hiyo alivua nchi kutoka baharini, na Kisiwa cha Kaskazini cha New Zealand hadi leo kinaitwa Te Ika-a-Maui, samaki wa Maui. Moto aliupata kwa Mahuika, bibi mwingine, aliyeutoa katika kucha zake mwenyewe, ukucha baada ya ukucha, huku mjukuu akiuzima kwa hila mpaka bibi akawaka hasira. Huko Hawaii alilinasa jua juu ya mlima Haleakala kwa sababu mama yake, Hina, alilalamika kwamba siku ni fupi mno na vitambaa vyake vya magome havipati muda wa kukauka. Mtoto anaenda kupambana na jua kwa ajili ya kazi ya mama yake! Filamu imeyakusanya mambo haya katika wimbo mmoja ambamo Maui anajisifu kwamba aliwafanyia wanadamu yote hayo, na hao kina mama hawatajwi hata mmoja. Kukosekana kwa Hina kulisemwa mwaka uleule na Tēvita Kaʻili, mwanaanthropolojia wa Kitonga, aliyekumbusha kwamba katika simulizi za huko mungu wa kiume huenda sambamba na mungu wa kike.

Najua jibu: kila kisiwa kina Maui wake. Ni kweli. Lakini nendeni Tonga basi, ambako Maui Kisikisi ana baba, Maui Atalanga, na moto anauchukua kwa babu yake, Maui Motuʻa. Jina, kazi na hata jamaa vinabadilika, ila mtu anabaki na ukoo. Upweke wa yule wa kwenye filamu ulitiwa na studio, kwa sababu hadithi yao ilihitaji shujaa anayehangaika kupendwa.

Kifo chake nakubali, kwa shingo upande, kwamba ni kizito kwa watoto: aliingia mwilini mwa Hine-nui-te-po, mungu wa kike wa mauti, wakati mungu huyo amelala, ili aushinde umauti kwa niaba yetu sote, ndege akacheka, mungu huyo akaamka, na Maui akafia pale. Nakubali pia kwamba Tala, bibi yake Moana, msichana mkuu wa filamu, ni mhusika mzuri kupita wote, na kwamba kurudisha heshima ya mabaharia waliosoma nyota lilikuwa jambo jema. Yale mavazi ya watoto yenye ngozi na chale za Maui waliyaondoa madukani, na ilistahili. Kuhusu unene wake wamesema wengi.

Ninachoshindwa kusamehe ni kwamba hawakukosa wa kuwauliza. Disney iliunda jopo la washauri kutoka visiwani, Oceanic Story Trust. Watu waliomjua Taranga walikuwapo. Wakaona afadhali wabuni mungu wa kike mpya, Te Fiti, kuliko kumleta mmoja wa wale ambao watu wa visiwa hivyo wamewasimulia watoto wao kwa vizazi na vizazi.

Filamu ya pili ilipotoka mwaka 2024 nilitumaini. Wakaleta wahusika wapya, Nalo na Matangi, na Maui akabaki yatima vilevile. Wakifikiria ya tatu, waanzie pale Taranga anapohesabu wanawe na kukuta mmoja amezidi.