Mwalimu, 24 ina kosa gani?

Mtoto wa dada yangu yuko P.5, darasa la tano la msingi, hapa Busia, Uganda. Juzi kaniletea daftari lenye X nyekundu iliyokaribia kutoboa karatasi. Swali: 1/4 + 1/6. Kijana kachukua asili (namba ya chini) ya 24, akapata 6/24 + 4/24, jumla 10/24, akarahisisha ikawa 5/12. Jibu sahihi kabisa! Pembeni mwalimu kaandika: "LCM iko wapi?" Yaani kigawe kidogo cha shirika, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 4 na kwa 6, ambayo ni 12. Sifuri.

Jamani. Asili ya pamoja ina kazi gani, kama si kuhakikisha vipande unavyovihesabu vinalingana ukubwa? 12 inaiweza kazi hiyo. 24 inaiweza. Hata 120 inaiweza. Kigawe kidogo cha shirika kinakupunguzia jasho tu, hakikuteremshwa mlimani. Mtoto aliyekaririshwa kwamba bila hicho hesabu haiendi, siku akisahau namna ya kukitafuta atajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, akuletee 2/10. Yaani 1/5! Ameanza na robo, ameiongezea kitu, amepata kilicho kidogo kuliko robo, na wala hashtuki. Hiyo ndiyo ya kupigiwa X.

Mama wa dukani ukimwambia nusu kilo ya sukari na robo juu yake, anakupimia robo tatu huku anazungumza na simu. Nusu kaigeuza robo mbili kichwani, na hakuna aliyemwuliza LCM yake.

Hata Wamisri, wanaokunywa maji ya Nile yanayotoka kwetu Jinja, hawakuwa na ukali huu. Kwenye papiro ya Rhind, andiko la hesabu la Wamisri wa kale, iliyonakiliwa na karani Ahmes yapata mwaka 1650 KK, swali la 23 lina 1/4, 1/8, 1/10, 1/30 na 1/45. Namba ya kufanyia kazi ni 45, ambayo haigawanyiki hata kwa 4. Robo yake ikawa 11 na robo, safari ikaendelea, jibu likapatikana. Namba hizo za msaada ziliandikwa kwa wino mwekundu. Wao waliutumia kumsaidia mtu.

Haya, nakubali shingo upande: kwenye 1/4 + 1/6 + 1/8, kuzidisha asili zote kunakufikisha 192 wakati 24 ingetosha, na PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, haimsubiri mtu. Mfundisheni njia fupi, sikatai. Ila mpeni alama zake kwanza.