Elimu ya Punda Imfikie Pia Anayeagiza Mzigo

Katika mji mkongwe wa Lamu, ambao vichochoro vyake havipitishi gari, ni shida nyumba kusimama bila punda. Mchanga, saruji na mawe ya matumbawe yanayoshushwa kutoka majahazini hutiwa kwenye shogi, yaani mfuko wa mzigo wa punda, na kupandishwa mitaani kwa mgongo wake. Tangu mwaka 1987 shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza limekuwa likiwatibu punda wa kisiwa hiki bila malipo, na mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri yamewapa wenye mifugo fahari ya haki. Kazi hiyo naiheshimu sana. Hata hivyo, naona elimu inayotolewa kwa jamii bado inamwendea zaidi mwenye punda, ilhali uzito wa mzigo huamuliwa na watu wengine.

Anayetembea na punda mchana kutwa aghalabu ni kijana wa kuajiriwa. Bei ikishapatanwa kwa mzigo mzima, kila safari anayoikwepa ni muda aliouokoa, na mwenye nyumba naye anahimiza kazi iishe kabla jua halijatua. Mfuko mmoja wa saruji una kilo 50. Miwili ni kilo 100, ambazo kwa punda wetu wengi zinapita nusu ya uzito wa mwili wake. Kumhubiria kijana huyo huruma pekee, huku mapatano yakibaki yale yale, ni kumtwika lawama isiyo yake peke yake.

Afundishwe, naam, na afundishwe kwa vitendo: kutandika kitu laini chini ya shogi, kuikagua ngozi kila jioni, kumnywesha punda kabla hajaonyesha kiu, na kutopuuza jeraha dogo, kwa kuwa pepopunda huingilia hapo. Punda huficha maumivu, na mwenye kungoja achechemee amechelewa. Wazee wetu walisema punda haendi bila kigongo, lakini punda anayegoma mara nyingi ana kidonda ambacho hakuna aliyekitazama.

Wapo wanaodhani punda akichoka atanunuliwa mwingine. Sensa za Kenya zilihesabu punda wapatao milioni 1.8 mwaka 2009, na mwaka 2019 wakawa chini ya milioni 1.2, baada ya machinjio ya biashara ya ngozi kufunguliwa nchini. Umoja wa Afrika ulipiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi mwezi Februari 2024, ila pengo hilo halizibiki upesi, maana punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima.

Kwa hiyo mikutano ya elimu iwaite pia mafundi, wakandarasi na wenye nyumba, waketi pamoja na vijana wa punda, wakubaliane malipo ya kila safari na kiasi cha mzigo kisichozidishwa. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama tayari inahesabu kumzidishia mnyama mzigo kuwa kosa, na anayeagiza saruji anapaswa kulijua hilo kabla hajapatana bei.