Majani hayana kosa: panya wa Vermont na moto wa Masasi

Theluji ilipoyeyuka mwaka juzi, mwezi wa nne, nilikwenda kuangalia miche yangu ya tufaha nikakuta 11 kati ya 40 imegugunwa gome lote, kuanzia ardhini mpaka usawa wa goti, kuzunguka shina zima. Mti umebaki mweupe kama mfupa. Kwenye nyasi zilizolala kulikuwa na vijia vya upana wa vidole viwili, vinapinda, vinakutana, vinaachana tena, kama njia za kijiji ukizitazama kutoka juu ya mlima wa Masasi. Nikafunua majani makavu niliyoyatandaza mwenyewe kwenye shina mojawapo. Akachomoka mnyama mnene, wa kahawia, mkia mfupi, masikio yamezama kwenye manyoya. Kule Vermont wanamwita voli. Ni jamaa wa panya, ila si yule tunayemjua sisi.

Nimezaliwa kijiji kimoja nje kidogo ya Masasi, kusini mwa Tanzania. Huu ni mwaka wa 9 naishi na mume wangu katika jimbo la Vermont, Marekani, linalopakana na Kanada. Tunalima ekari 3 bila kupindua udongo na bila sumu. Mazao yakitoka tunapanda mimea ya kufunika ardhi, tunatandaza majani, tunaiacha ardhi ijijenge yenyewe. Naandika leo hasa kwa ajili ya moto wa kusaka panya huko kwetu Masasi, lakini siwezi kuufikia moto bila kupitia kwa hawa voli.

Jioni ya siku ile nilimpigia mjomba. Nyumbani kwetu jambo la shamba linaanzia kwa mjomba, hata kama shamba lenyewe liko ng'ambo ya bahari. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mwanangu, habari za baridi?" Nikamweleza yote. Akaniuliza mmewapata wangapi, na je, wana mafuta? Wasomaji wa kusini wanaelewa swali hilo. Kwetu panya wa porini ni kitoweo, ni samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani, na mwenye kuwabanika vizuri anajulikana kijijini. Nikamwambia huku hawaliwi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Sasa kama hawaliwi, nani anawatafuta?"

Swali hilo sijaacha kulifikiria. Voli hana mwenyewe. Wakati wa baridi anaishi chini ya theluji kama mtu aliyejifunika blanketi; mbweha na bundi wanampata kwa shida. Mimba yake ni kama wiki 3 tu, na mtoto aliyezaliwa mwezi wa nne anaweza kuzaa kabla masika ya kule, yaani majira ya machipuko, hayajaisha. Kila baada ya miaka michache wanajaa mpaka unakata tamaa, kisha wanapungua ghafla. Na sisi tusiopindua udongo ndio tunaowafaidisha zaidi, maana jembe la trekta linabomoa mashimo yao na sisi tunayaacha. Majani yale yale yanayotunza udongo wangu ndiyo yaliyomficha mharibifu. Hilo lazima nilikiri mapema, kwa sababu huku nyumbani nikisema "funikeni ardhi" jibu la kwanza ni "utafuga panya."

Ni kweli, utafuga panya. Lakini hapo ndipo kazi inapoanza. Mche ukishavuliwa gome mzunguko mzima, chakula kinachotengenezwa na majani hakishuki tena mizizini. Msimu ule utachanua kama kawaida, mpita njia hatajua kitu, kisha utakauka. Jirani mmoja alinishauri ning'oe niweke mingine. Mimi nikakumbuka kubebesha, yaani kuunga kijiti cha mti kwenye mti mwingine. Nilikuwa msichana mdogo mafunzo ya kubebesha mikorosho, yale yaliyotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, yalipofika kijijini kwetu, na mjomba alikuwa wa kwanza kushika kisu. Nikapata vijiti vya tufaha vilivyokatwa mwezi wa pili, mti ukiwa bado umelala, vikawekwa kwenye baridi. Mwezi wa tano, gome lilipoanza kuachia, nikachonga kila kijiti ncha zote mbili kama kabari, nikapasua gome juu ya jeraha na chini yake, nikapenyeza, nikagongea vimisumari, nikaziba kwa nta. Kijiti unakiacha kipinde kidogo kama upinde, ili upepo ukiutikisa mti kisichomoke. Vitatu au vinne kwa kila shina, ni madaraja ya kupitisha chakula juu ya jeraha. Kati ya ile 11, miche 7 iko hai mpaka leo, na ukiipapasa utavisikia vile vijiti vimenenepa chini ya kiganja.

Tangu hapo tumejifunza. Majani hayagusi shina, yanaachwa hatua moja. Kila mche umevikwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, umefukiwa kidogo ardhini. Nyasi zinafyekwa fupi kabla ya theluji, maana voli anaogopa kupita mahali peupe. Mitego inawekwa kukata njia zao, kipande cha tufaha ndani, ndoo juu yake ili ndege wasinaswe. Na tumesimamisha miti mirefu ili kozi, ndege mwindaji, apate kutua, tukatundika masanduku ya kuzalia. Sumu hatutumii, kwa kuwa bundi akimla voli mwenye sumu naye anaondoka, na bundi mmoja anafanya kazi ambayo mimi siwezi kuifanya usiku.

Mengine ya majira yale ni ya kawaida kwa kule: matope ya mwezi wa nne yanayokuzuia hata kusukuma toroli, makoa wanaokula miche ya kabichi usiku, jalidi, yaani umande ulioganda, inayoweza kushuka katikati ya mwezi wa tano ukadhani umeshavuka. Unafunika, unasubiri, unafunua.

Kuna kitu kimoja ambacho kule sina. Mimi nimekulia juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba. Mtama ukianza kukomaa tulikuwa tunapanda juu yake na bibi alfajiri kuamia ndege, yaani kuwafukuza, mashamba manne mfululizo, na kila dungu lilikuwa na mtu. Ndege wakifukuzwa huku tulipigiana kelele ili mwenzetu wa kule ajiandae. Vermont, miche 11 ilipoliwa, hakuna aliyekuja. Si kwamba ni watu wabaya, ni wema sana, lakini shamba la mtu ni la mtu. Kila mmoja anapigana na voli wake ndani ya uzio wake, na voli hajui uzio.

Sasa moto. Septemba iliyopita nilikuwa nyumbani. Saa 10 jioni tukaona moshi upande wa bondeni, na kabla jua halijazama moto ulikuwa kwenye mikorosho ya mama. Vijana sita na mbwa wawili walikuwa wanasaka panya. Mtindo mnaujua: unachoma nyasi, wanaokimbia unawapiga fimbo, moto ukishapita matundu yanaonekana na unafukua kwa jembe. Mama alikuwa amefyekea mikorosho yake pande tatu. Upande wa nne hakuwahi, goti lilimzuia, na moto uliingilia hapo hapo. Nilimkuta amefunga khanga kiunoni, anapiga ndimi za moto kwa tawi bichi, hapigi kelele, hatukani mtu, anapiga tu. Mikorosho 6 iliungua, na ilikuwa ndiyo kwanza inabeba. Asubuhi niliokota korosho changa kwenye majivu, haijafika ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, imesinyaa. Mikorosho hiyo mama aliipuliza salfa kwa mkopo mwaka ule ili ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, usiimalize.

Mmoja wa wale vijana ni mtoto wa dada yangu. Alikuja kuomba radhi, amechuchumaa mlangoni, na akaniuliza jambo ambalo sikuweza kulipuuza: "Mama mdogo, tusipochoma tutawapataje?"

Kwa hiyo jibu langu kwake ndilo hili, na nalitoa kwa kila kijana wa Masasi, Nanyumbu, Newala, Nachingwea na kwingineko. Tegesheni. Mjomba hajawahi kuchoma pori hata siku moja na hajawahi kukosa panya. Anazika chungu mdomo ukiwa sawa na ardhi, anatia maji nusu, anaweka chambo cha mahindi ya kukaanga juu ya kijiti kinachozunguka, anarudi alfajiri. Anajua panya anapita wapi kwa kuangalia nyasi zilivyolala. Nilipomsikia akieleza nilishtuka, kwa sababu ndivyo ninavyosoma njia za voli kule. Ujuzi uko nyumbani. Moto ni wa mwenye haraka.

Na gharama ya moto si mikorosho peke yake. Huko ninakoishi maji yananizidi wakati wa machipuko. Kufunika ardhi kunanisaidia, lakini hata nisipofunika sitakufa njaa. Masasi mvua zinaanza Novemba au Desemba, mwezi wa nne au wa tano zimekwisha, kisha ni jua mpaka mwaka unazunguka. Sisi ndio wenye kuhitaji kila jani libaki juu ya udongo. Mimi wa mvua nyingi natandaza, mama yangu wa jua kali anachomewa. Hilo ndilo linaloniuma ninapolinganisha maisha ya huku na kule, kuliko barabara, kuliko umeme.

Najua mtaniambia habari za mchwa, kwamba mabua hayafiki Desemba. Wanakula, ndiyo, lakini wanachokula wanakiingiza ardhini, hakiendi angani kama moshi. Najua pia kwamba panya shamba wa kwetu anaweza kuzaa watoto kumi na zaidi kwa mara moja, na kwamba mvua zikikubali anajaa, anafukua mbegu za mahindi usiku wa siku ile ile uliyopanda. Watu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamemsoma kwa miaka mingi na wanasema kuzaliana kwake kunafuata mvua. (Huko huko Morogoro ndiko wanakofundishwa panya buku kunusa mabomu, na wamefanya kazi hiyo Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma yetu.) Maana yake tunaweza kumjua kabla hajaja. Mitego ianze mazao yakiwa yameshavunwa, panya wakiwa bado wachache, na ianze kwa mashamba yote ya kitongoji kwa pamoja, kama tulivyokuwa tunaamia. Hapo ndipo tunapoizidi Vermont, tukitaka.

Sumu naiogopa zaidi kwetu kuliko kule. Mahali ambapo panya ni kitoweo, sumu ya shambani inafika jikoni. Na bundi muacheni. Najua akilia juu ya paa watu wanaona mkosi, na nimewaona watoto wakimpiga mawe huku wazee wanatazama. Mimi nikimsikia usiku kule nalala vizuri.

Nikisema haya sitaki Masasi iwe Vermont. Kusini tumeshaonja mipango ya kuletewa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga, Nachingwea ikiwa pamoja na Kongwa na Urambo. Wakang'oa vichaka kwa mashine, wakajenga reli na bandari ya Mtwara, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Bandari imebaki, reli ya Nachingwea haipo. Kosa lao kubwa, kwa macho yangu, lilikuwa kuiacha ardhi uchi kwenye jua lile na mvua zile za kupiga. Sisi tunaochoma kila mwaka tunafanya jambo lile lile kidogo kidogo, kwa kiberiti.

Mwezi huu mjomba amenitumia picha. Visiki 6 vya mikorosho ya mama vimechipua, na amechagua machipukizi mawili kwenye kila kisiki, mengine ameyapunguza. Upande wa nne umefyekwa, na aliyefyeka ni yule mtoto wa dada yangu, anaonekana pembeni ameshika panga, hatazami kamera. Mjomba anasema vikonyo vya kubebeshea ameshaahidiwa, ila mkono wake sasa unatetemeka na hawezi tena kukata kabari nyembamba. Nimekata tiketi ya mwezi wa saba. Kisu nitakuja nacho.