Mkuu nisiyemjua

Shemeji yangu ana ekari moja ya zabibu Mpunguzi, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Oktoba moja majani machanga yalianza kuota kitu kama vumbi jeupe. Akapiga picha, akaiweka mtandaoni, akauliza: "Wakuu, huu ni ugonjwa gani?" Ndani ya nusu saa majibu yalikuwa yamejaa. Wengi walisema ni ubwiri unga, na walikuwa sahihi. Mmoja akamwambia apulizie salfa, na hilo nalo ni sahihi, maana salfa ni dawa ya siku nyingi ya ugonjwa huo. Shemeji akapulizia saa saba mchana. Kesho yake majani yalikuwa yamebabuka, kwa sababu salfa ikikutana na jua kali huunguza jani. Aliyeshauri hakutaja saa wala joto. Huenda anaishi Njombe au Lushoto, kwenye ubaridi, ambako jambo hilo halimjii mtu akilini.

Tukio hilo hunirudia kila ninaposikia watu wakibishana kama ni heri au hasara kwetu kubadilishana mawazo na watu tusiowajua. Wanaotetea wanasema mtandao umempa mkulima, mwanafunzi na mama lishe washauri ambao zamani wasingewapata hata kwa nauli. Wanaopinga wanasema umetuletea matusi, uzushi na utapeli. Kila upande una ushahidi wa kutosha, na ndiyo sababu mabishano yao hayaishi. Mimi nadhani tunaanza na swali lisilo lenyewe. La kuuliza kwanza ni hili: maneno ya mgeni yakiwa ya uongo, yatachukua muda gani kuumbuka, na nani atalipa?

Kwenye teknolojia jibu ni jepesi. Kijana anauliza kwa nini simu yake inakula bando usiku yeye akiwa amelala. Mtu aliyeko Kigoma, ambaye hatamwona maisha yake yote, anamwambia azime programu zinazojisasisha zenyewe. Anazima, asubuhi anaangalia salio la bando, jibu analo. Ushauri ukiwa mbovu, hasara ni ya usiku mmoja na aliyeutoa anaumbuka kabla ya saa nne. Ndiyo maana maswali ya simu, kompyuta na sola hujibiwa vizuri na wageni kuliko maswali mengine yote. Mambo huharibika swali likigusa pesa. Mtu akilalamika hadharani kwamba muamala wake wa simu haujafika, aghalabu wa kwanza kumfuata faraghani ni tapeli anayejidai mhudumu wa wateja, na kinachofuata ni kuombwa namba ya siri.

Mambo ya maisha ya kila siku yanataka uangalifu zaidi, na kwa hapa Dodoma hakuna mfano ulio wazi kuliko viwanja. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa mwaka 1973, lakini watu walianza kumiminika baada ya tangazo la Rais John Magufuli la Julai 2016. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma. Mtaani kwetu ukiuliza nani kazaliwa hapa, mikono inayoinuka ni michache. Mwenyeji akitaka kiwanja humwendea mjomba wake, na mjomba anajua shamba lile lilikuwa la nani na kesi ipi bado iko baraza la ardhi. Aliyehamia kutoka Musoma au Mbeya hana mjomba huyo. Ana simu yake tu.

Na wageni wa kwenye simu wamemfaa. Nimeona watu wakielekezwa wahakiki kiwanja ofisi ya ardhi kabla hawajatoa shilingi, na waulize kama mwenye shamba la asili alilipwa fidia. Nimeona mtu akiambiwa asiridhike na mchoro wa mipango miji peke yake, aulizie na upimaji. Dalali hakuambii hayo. Kwa mtu asiye na ndugu mjini, hii ni huduma kubwa, na wanaoubeza mtandao wakiwa wamezungukwa na wajomba zao hawaijui thamani yake.

Ila pia nimeona ushauri uliokwisha kufa ukitembea kama uko hai. Hadi Mei 2017 ardhi ya mji huu ilikuwa mikononi mwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyokuwa ikitoa hati za miaka 33. Mamlaka ikavunjwa, kazi zake zikahamia manispaa, na muda wa hati ukapelekwa miaka 99. Miaka imepita, na bado utamkuta mtu anamtisha mnunuzi kwa habari za miaka 33, kwa nia njema kabisa, maana naye alisoma mahali. Maneno ya mtandaoni hayaoti mvi. Yaliyoandikwa 2012 na yaliyoandikwa jana yana sura moja. Na kosa la kiwanja halionekani kesho yake kama jani la zabibu. Linaonekana baada ya miaka sita, nyumba imeshaezekwa, siku alama ya X nyekundu, ya kubomolewa, inapopakwa ukutani. Aliyekushauri hutamkumbuka hata jina, kama alikuwa nalo.

Siasa ndiyo iko mbali kabisa na kipimo. Anayesema chama fulani kitaleta neema au kitatuangamiza hana tarehe ya kuumbuka. Kwa kuwa hoja haipimiki, watu huanza kumpima msemaji: huyu ni chawa wa fulani, yule katumwa na mabeberu, yule ana povu. Baada ya majibu matano hakuna tena anayezungumzia maji, ajira wala shule. Mgeni usiyemjua, ambaye kwenye ugonjwa wa zabibu alikuwa msaada, kwenye siasa anageuka adui kwa sababu hiyo hiyo kwamba humjui: nafasi tupu iliyo mahali pa sura yake unaijaza kwa hofu zako.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema siasa isijadiliwe na wageni. Ipo sehemu ya siasa inayopimika, na sisi wa Dodoma tunaishi karibu nayo kuliko Watanzania wengine. Bajeti husomwa hapa bungeni kila Juni. Taarifa rasmi za mijadala ya Bunge zinasomeka. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huwekwa hadharani kila mwaka, na ni maelfu ya kurasa ambazo mtu mmoja hazimalizi. Mgeni anayesema "fungua ukurasa fulani, linganisha na wa mwaka jana" amekupa kitu unachoweza kukipima leo hii. Huyo simuulizi jina lake wala kabila lake.

Jina lenyewe lina mambo mawili ndani yake. Ana kwa ana, maongezi yetu hutanguliwa na shikamoo, na shikamoo hupanga watu kabla hoja haijatolewa: nani mkubwa, nani asubiri, nani asipinge. Mtandaoni wote ni "mkuu". Binti wa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dodoma anaweza kumwambia mkurugenzi kwamba hesabu zake zina kosa, na mkurugenzi akamjibu "sawa mkuu, nimeona", asijue kamjibu nani. Uso kwa uso neno hilo lisingetamkwa. Ongeza kwamba huu ni mji wa watumishi wa umma, watu wanaojua mengi na wanaobanwa na kanuni za kazi wasiyaseme ovyo. Tukilazimisha kila mtu aweke jina lake kamili, wa kwanza kunyamaza watakuwa hao wenye ujuzi, si wenye matusi. Mwenye matusi hana cheo cha kupoteza.

Upande wa pili nao nimeuona kwa macho. Namfahamu mwalimu, mwanamke wa makamo, aliyezushiwa uhusiano na mwanafunzi. Habari ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa wiki nzima. Aliyeianzisha alitumia akaunti yenye picha ya ua. Mwalimu alikwenda kazini kila siku, akaingia darasani, akafundisha, huku wazazi wakimwangalia kwa pembe ya jicho. Ilipojulikana kwamba ni uongo, hakuna aliyerudi kwenye kundi kusema samahani. Mtu akiniambia jina la siri ni uhuru, namkumbuka mwalimu yule, na sina jibu la kumfariji.

Kwa ajili ya watu kama yeye ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu chake cha 16 kinamwadhibu anayesambaza kwa makusudi taarifa anazojua ni za uongo, kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Na laini za simu zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole Mei 2019. Hapa panahitaji kuangaliwa vizuri. Jina la siri linamficha mtu kwa jirani yake na kwa bosi wake. Kwa mwenye mamlaka ya kudai kumbukumbu za mtandao wa simu, siri hiyo ni nyembamba sana. Kwa hiyo hoja kwamba tunakosa nguvu za kuwafikia wazushi haina uzito ninaousikia ukipewa. Nguvu zipo. Shaka yangu ni kama zinatumika kwa mwalimu yule kwa bidii ile ile zinavyotumika kwa wakubwa.

Serikali ina hoja yake, nami siidharau: uvumi unaweza kuua, na nchi haiwezi kukaa ikitazama. Lakini tumeshaona pia kinachotokea mlango unapofungwa kabisa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini, ikaanza kurudi mwanzoni mwa Novemba. Siku zile tetesi hazikuzimika. Zilihamia midomoni, kwenye foleni ya unga na kwenye vijiwe vya bodaboda, na zilikuwa mbaya zaidi kwa sababu hapakuwa na mgeni wa mkoa mwingine wa kuuliza, "Wewe uliona, au uliambiwa?" Kilichozimwa ni kipimo. Uongo ulibaki na miguu yake.

Ardhi hii ya Ugogo haijaanza leo kukutana na wageni. Katika karne ya 19 misafara kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapa, na watemi wa Kigogo walitoza hongo, ushuru wa kupita na kupata maji kwenye nchi kame. Mgeni alipita, lakini alipita kwa utaratibu. Tuna pia utani wa makabila, ambao nauona kuwa mfano bora kuliko sheria yoyote ya maneno. Mtani anaweza kukutukana msibani, akakucheka, akakuzuilia jeneza mpaka ulipe. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi na anayepika uji wa wafiwa. Tusi lake limefungamana na wajibu. Mgeni wa mtandaoni amepewa ruhusa ya mtani bila kazi ya mtani, na nadhani hapo ndipo tunapoumia: tunasamehe maneno yake kama ya utani ilhali siku ya msiba hatakuwepo.

Sioni namna ya kumlazimisha awepo. Ninachoweza kudai ni kidogo zaidi, yaani kila anayenishauri anipe njia ya kumpima: tarehe, mahali alipo, aliona au aliambiwa, ukurasa gani. Na mimi ninayeuliza nina deni langu. Shemeji alipouliza mara ya kwanza hakusema yuko Dodoma, hakusema ni Oktoba, hakusema jua likoje. Aliweka picha ya jani, basi. Aliyemjibu alijibu jani.

Msimu uliofuata vumbi jeupe lilirudi. Akaenda kwanza kuwauliza watafiti wa zabibu Makutupora, kisha akauliza tena mtandaoni, safari hii akitaja kijiji, mwezi na yaliyompata mwaka uliopita. Majibu yalikuwa machache. Moja halikuwa jibu, lilikuwa swali kutoka kwa mtu mwenye picha ya trekta: "Mkuu, mwaka jana ulipulizia saa ngapi?" Shemeji alinionyesha swali lile kama mtu anayeonyesha barua ya ndugu. Jioni, jua liliposhuka, alifunga bomba mgongoni akapulizia mstari mmoja tu wa pembeni, akaiacha iliyobaki hadi aone majani yameamkaje.