Jogoo Ambaye Sikumla

Dada yangu anaishi Leeds, Uingereza. Oktoba mwaka jana alinitumia picha ya mlangoni kwake: vyungu vitatu vya maua, kabichi za mapambo za zambarau, krisanthemamu za rangi ya kutu, na katikati nyasi ndefu zimesimama kama askari wa zamu. Kwao hayo ndiyo majira ya majani kupukutika. Kwangu Rau, nje kidogo ya Moshi mjini, mwezi huo kinachopukutika ni maua ya mijakaranda, tena juu ya nguo ulizoanika. Lakini wivu ulikuwa umeshaniingia.

Akanipa kanuni: kila chungu kiwe na mmea mmoja mrefu wa katikati, mingine minene ya kujaza nafasi, na mmoja wa kutambaa mpaka umwagikie ukingoni. Chini pawe na matundu, la sivyo mizizi inaoza. Bei ya vyungu dukani ilinifanya nimuage muuzaji kwa heshima zote. Nikachukua ndoo tatu za rangi za lita 20 zilizobaki wakati wa ujenzi, nikazitoboa kwa msumari wa moto. Mke wangu aliponusa ile harufu jikoni aliuliza, "Leo unatupikia ndala?"

Kabichi za mapambo sikuzitafuta. Zile hazigeuki rangi vizuri mpaka zipigwe na baridi. Kwa joto la Moshi zingebaki kijani na kuishia sufuriani. Kwa muuza miche wa barabarani nikapata majani mekundu yenye kingo za njano, na ule mtambaazi wa zambarau unaoota hata juu ya tofali. Mmea mrefu alitaka elfu 15 kwa mmoja. Nikacheka. Nyuma ya nyumba yangu ilikuwepo mimea mirefu yenye majani ya kung'aa, imejipanga mstari, bure kabisa. Nikang'oa mitatu.

Hapa niseme kwamba mimi ni mtu wa Tanga. Rau nilinunua kiwanja, mila hazikuwemo kwenye bei.

Ndoo zilipendeza, wallahi. Nikaona moja nimpelekee jirani, Meku, mzee ambaye tangu Agosti alikuwa anaitikia shikamoo yangu kwa kukohoa. Labda maua yangemlainisha. Ndoo iliyojaa udongo mbichi na samadi si mzigo wa mchezo, kwa hiyo nilifika kwake nimeinama, natota jasho, nikaitua miguuni pake.

Akaitazama ndoo. Akanitazama mimi. Akashika lile jani refu la katikati, macho yakamlenga machozi.

"Mwanangu, nilijua siku moja utakuja mwenyewe."

"Ni zawadi ndogo tu, Meku."

"Hakuna isale dogo."

Akamwita mkewe, akamwita na mdogo wake, nikaletewa kigoda. "Amekiri," akawatangazia. "Yule jogoo ni yeye alimla."

Kumbe kwa Wachaga isale ndilo jani la kuombea msamaha. Ukimkosea mtu ukampelekea isale, ni vigumu sana akukatalie. Na jogoo mwekundu wa Meku alikuwa amepotea Agosti, Jumapili ambayo mimi nilikuwa uani nachoma nyama. Ilikuwa ya mbuzi, tena ya kununua! Nikafungua mdomo nijitetee, lakini bibi alishanishika mkono: "Basi baba, tumeshakusamehe." Utaanzia wapi kumwambia bibi wa watu anayelia kwamba amesamehe kosa ambalo halipo? Nikasema asante. Nikatozwa jogoo na ndoo ya mbege, lita 20 vilevile. Mbege nilisaidia kuinywa.

Asubuhi nikaamshwa na sauti nyuma ya nyumba: "Aisee! Nani kang'oa mpaka?"

Kumbe isale lina kazi ya pili. Masale hupandwa mpakani, shamba kwa shamba, na kila mtu Rau anajua hivyo isipokuwa mimi. Mke wangu akachungulia dirishani, akazitazama ndoo mbili zilizobaki mlangoni, akasema, "Peleka nyingine."

Meku alinipokea amesimama.

"Isale la jana lilikuwa la jogoo."

"Ndiyo, Meku. Hili la mpaka."

Akatafakari. "Na lile la tatu?"

"Lile ni urembo."

"Urembo," akarudia, kama mtu aliyeambiwa hati ya kiwanja imefungiwa maandazi.

Masale yote matatu yakarudi ardhini siku hiyohiyo mbele ya mashahidi wawili. Jembe nilishika mimi. Meku kazi yake ilikuwa kuonyesha kwa fimbo kila shimo lichimbwe wapi. Kufika la tatu niliona waziwazi kwamba mstari umeingia kwangu kama hatua moja. Lakini mtu aliyesamehewa mara mbili ndani ya saa 24 anaanzaje kubisha?

Dada alidai picha. Nikampigia ndoo iliyobaki mlangoni. Akajibu imependeza, ila ule mrefu wa katikati uko wapi?

Nikamwambia uko mpakani, na mpaka siku hizi uko karibu na choo changu kuliko zamani.