KenGold tuliicheka kwa usajili wa Januari, kosa lilikuwa Agosti

Februari 5, 2025, Yanga iliifunga KenGold mabao 6-1 pale KMC Complex, na kicheko kikaanza kabla mashabiki hawajafika nyumbani. Januari hiyo KenGold, timu ya Chunya mkoani Mbeya iliyokuwa ikiburuza mkia katika msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, ilikuwa imewachukua wakongwe Kelvin Yondani, Bernard Morrison na Obrey Chirwa. Wamesajili majina, ikasemwa. Wamefungua nyumba ya wastaafu. Ushahidi nao ukawekwa mezani: Septemba 2024 Yanga ilikwenda Sokoine, Mbeya, ikaondoka na bao moja tu, la Ibrahim Bacca. Vijana waliopandisha timu walifungwa moja, mastaa wakafungwa sita. Mjadala ukafungwa hapo.

Mimi naona ulifungwa mapema mno. Bao moja la Septemba lilitokana na timu iliyokuwa nyumbani, ikajaza watu nyuma ya mpira na kuomba dakika ziishe. Tulipenda ushujaa ule, lakini hiyo ilikuwa mechi ya tano, na zote tano KenGold ilipoteza. Ukifungwa moja au ukifungwa sita, unaondoka na sifuri ile ile. Februari timu iliingia uwanjani ligi ikiwa ndiyo kwanza imerejea kutoka mapumziko marefu, na nusu ya kikosi bado inajifunza majina ya nusu nyingine. Na katika kipigo hicho hicho Selemani Bwenzi alipiga shuti kutoka mbali, karibu na katikati ya uwanja, likaingia. Wengi tulilirudia bao lile kwenye simu kuliko yote sita ya Yanga.

Tuwape wakosoaji haki yao. Mchezaji aliyesota Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, akasafiri na basi usiku kucha, akatwaa ubingwa wa ligi ile, halafu Januari anaambiwa akae benchi ampishe mtu wa miaka 40, hawezi kufurahi. Akisikia tetesi za mshahara wa huyo mgeni, ndiyo kabisa. Chumba cha kubadilishia nguo hupasuka kwa mambo madogo kuliko hayo. Tena mshambuliaji mwenye jina anahitaji timu inayomfikishia mpira, na timu inayoburuza mkia hutumia muda mwingi kuuokoa mpira kuliko kuuchezea. Hoja hizi ni za kweli, sizipuuzi.

Ila kaa kwenye kiti cha mwenye timu. Nusu ya msimu imepita, mechi 16, una alama 6. Ligi ina timu 16 na mechi 30. Wawili wa mwisho wanashuka moja kwa moja, wa 13 na wa 14 wanakwenda kwenye mtoano. Tuseme unalenga alama moja kwa kila mechi, yaani 30, ambalo si lengo la makuu. Zimebaki mechi 14, alama 42. Unahitaji 24. Ni ushindi mara nane katika mechi 14, au saba na sare tatu, kwa timu ambayo katika mechi 16 imeokota 6. Ukibaki na kikosi kile kile kwa heshima ya vijana, umeshajiandikia barua ya kushuka. Kilichobaki ni tarehe tu. Anayesajili mkongwe hapo ananunua kitu kimoja ambacho vijana hawana, nacho ni utulivu wa dakika ya 80 timu ikiwa mbele kwa bao moja. Si lazima apate. Lakini kujaribu si ujinga.

Tena mfano ulikuwa jirani, mkoa ule ule. Ihefu ya Mbarali ilikuwa imepanda, ikashuka 2021, ikarudi msimu wa 2022/23 na kuanza vibaya kabisa. Novemba 29, 2022, ikiwa mkiani, iliifunga Yanga 2-1 pale Highland Estates, uwanja wake wa Ubaruku, na kukata rekodi ya mechi 49 bila kupoteza. Dirisha dogo la usajili la katikati ya msimu likaleta Yacouba Songne, Nelson Okwa na Victor Akpan, majina matupu nayo ukitaka kuyaita hivyo. Ikabaki. Hakuna aliyecheka, maana iliponea.

Tofauti basi ni nini? Si kubadili kocha. KenGold iliachana na Fikiri Elias Septemba. Pamba Jiji, iliyopanda nayo, ikamwondoa Goran Kopunovic Oktoba, akaja Minziro, na Pamba ikabaki. Mimi naitazama zaidi Agosti. Mbogo Maji, yaani Ihefu, walifika Januari wakiwa na kitu cha kurekebisha. KenGold ilifika na shimo. Na shimo huchimbwa wakati wa dirisha kubwa, pale klabu iliyopanda inapokuwa bado inasherehekea na kutafuta hela. Mkataba wa matangazo ya ligi wa Azam Media wa miaka 10, shilingi bilioni 225.6, unasaidia wote, ila fedha zake zinalipwa ligi ikichezwa, na wachezaji husajiliwa kabla. Simba na Yanga wakija ndipo geti linapata watu. Kabla ya hapo ni mfuko wa mwenye timu. Agosti 2023 Kitayosce, baadaye Tabora United na sasa TRA United, ilikwenda kucheza na klabu ya Azam FC ikiwa na wachezaji wanane kwa sababu ya kizuizi cha usajili, na mechi ikavunjika mapema kipindi cha kwanza. Aibu ile iliponywa ndani ya wiki chache, si miezi mitano, na mwisho wa msimu Tabora ikapona kupitia mtoano.

KenGold ikawa ya kwanza kushuka, ikifuatwa na Kagera Sugar, klabu ambayo haikuwa ngeni hata kidogo. Wanaopenda kusema KenGold ilishuka kwa ugeni walieleze na hilo.

Na Ihefu iliyopona? Mwaka 2024 ilihamishiwa Singida, sasa inaitwa Singida Black Stars. Ubaruku, pale Yanga ilipolala mara mbili, hawana tena timu ya Ligi Kuu, na hawakushuka daraja.